Kwenda ng'ambo kuzoa mavi ya tembo: mwongozo kutoka Mafinga

Nilipomwambia mjomba wangu wa Idodi kwamba nimeuza mitamba miwili nipate nauli ya kwenda kuhudumia tembo Thailand, alinyamaza kwanza, akamalizia ulanzi wake, ndipo akasema: "Mpwa wangu, tembo waliokula mahindi yangu mwezi wa nne wako hapo ng'ambo ya barabara. Mavi yao yamejaa shambani na sikutozi hata senti. Njoo na koleo tu."

Nilicheka, lakini maneno yake niliondoka nayo. Mimi ni mtu wa mifugo. Nina duka dogo la dawa na pembejeo hapa Mafinga, na mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumshika kabla ya safari ile alikuwa fahali wa maziwa mwenye hasira. Nilikaa wiki nne kwenye kituo kimoja cha milimani, kaskazini mwa Thailand. Tangu nirudi, vijana wa Iringa, Njombe na Mbeya hawaishi kunipigia simu wakiuliza njia. Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Kwanza, jiulize unafuata nini

Kama unachofuata ni picha umekumbatia mkonga, usiuze kitu. Kutunza tembo wanaofugwa ni kukata majani, kubeba, kuosha ndoo na kuzoa mavi, kisha kuanza upya. Katika wiki nne nilimgusa tembo kwa mkono wangu mara tatu, na zote tatu daktari alikuwa amesimama pembeni.

Hilo la kutogusa ndilo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema: kituo kizuri ni kile kinachokunyima tembo. Kadiri wanavyokupa ruhusa ya kumshika, kumpanda, kumwogesha na kupiga naye picha, ndivyo unavyopaswa kujiuliza huyo mnyama alifanywa nini hadi akakubali.

Jibu lake halipendezi. Kwa desturi ya zamani huko Asia, ndama wa tembo hutenganishwa na mama yake, hufungwa ndani ya kizimba cha magogo asichoweza kugeukia, ananyimwa chakula na usingizi na kuchomwa kwa ndoano, yaani fimbo yenye ncha ya chuma iliyopinda, mpaka ajue kwamba binadamu ndiye bwana. Wathailandi wanaliita zoezi hilo phajaan. Sisi tunaofundisha maksai kulima tunajua kwamba mnyama hatulii kwa kuombwa, lakini ng'ombe amefugwa maelfu ya miaka. Tembo, hata aliyezaliwa kambini, kwa damu bado ni mnyama wa porini.

Mjue tembo wa huko na historia yake

Tembo utakayemkuta Asia si huyu wetu wa Ruaha. Ni mdogo kidogo, masikio yake ni mafupi, mgongo umeinuka badala ya kubonyea, na kichwa kina vibonge viwili juu. Ncha ya mkonga wake ina kidole kimoja, wa kwetu ana viwili. Majike hawana pembe za kuonekana, na hata madume wapo wasio nazo. Usiende ukisema "mimi nimezoea tembo" kwa sababu umewaona ukiwa kwenye gari pale Msembe.

Na kwa nini wamefugwa? Thailand waliwatumia kuvuta magogo misituni. Novemba 1988 mafuriko makubwa yalipiga kusini mwa nchi, magogo yakaporomoka na maji juu ya vijiji, na Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Mtu wa Mufindi ataelewa upesi: fikiria asubuhi moja viwanda vyote vya mbao vinafungwa, na trekta lako linakula zaidi ya kilo 100 za majani kila siku, huwezi kulizima. Wenye tembo wakaingia nao mijini kuomba, kisha utalii ukawapokea: kupandwa, kucheza mpira, kuchora picha. Wengi wa tembo wazee walio vituoni leo walipitia magogo, kisha watalii, kisha uzee. Kuwarudisha msituni ni vigumu, kwani msitu umebaki kidogo na wenyewe hawamwogopi tena binadamu. Mjomba atakwambia mwisho wa tembo asiyeogopa watu unakuwaje.

Kuchagua kituo

Hapa ndipo uweke muda wako mwingi. Mimi nilitumia miezi mitano kuandikiana na vituo, na sijutii hata siku moja.

Thailand ndiyo yenye vituo vingi vinavyopokea watu wa kujitolea, na Elephant Nature Park karibu na Chiang Mai, ulioanzishwa na mama mmoja, Saengduean Chailert, anayejulikana zaidi kwa jina la Lek, ndio uliozoesha watu wazo la kuja kuwatazama tembo bila kuwapanda. India kuna Wildlife SOS, waliofungua hospitali ya tembo karibu na Mathura mwaka 2018. Tembo wao wengi walikuwa wa kuombea barabarani au wa sarakasi. Laos kuna kituo cha uhifadhi mkoani Sayaboury. Sri Lanka ina kituo cha Udawalawe, kilichoanza 1995, ambako ndama yatima hunyweshwa maziwa na kisha kurudishwa porini. Wageni hutazama kwa mbali tu, na hiyo peke yake inakwambia wanajua wanachofanya.

Asiye na nauli ya Asia asikate tamaa. Kwa mtu wa Mbeya, Zambia ni nje ya nchi iliyo mlangoni: unavuka Tunduma, Mtanzania hahitaji viza, na Lusaka wana kituo cha kulea tembo yatima ambao wakikua hupelekwa hifadhi ya Kafue. Kenya kuna Sheldrick, shirika lililoanza 1977. Kule walezi hulala chumba kimoja na ndama usiku, lakini walezi hao ni waajiriwa, kwa hiyo usitegemee kupokelewa kama mgeni wa wiki mbili.

Usiamini ubao wa getini. Neno "hifadhi" au "makimbilio" linaandikwa na yeyote mwenye rangi na brashi. Januari 2025 mtalii kijana kutoka Hispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwogesha, katika kituo cha kusini mwa Thailand kilichojiita cha kutunza tembo. Kwa hiyo andika barua pepe, uliza, na pima wanavyojibu.

Mimi nilikuwa nauliza hivi. Tembo wanalala juu ya nini? Zege huua miguu, nitalieleza hilo mbele. Ndama mlionao walitoka wapi? Kituo chenye ndama wengi wa kuchezewa na wageni kina biashara ya kuzalisha, hata kama wanasema vingine. Daktari wa wanyama anakaa hapo, au anaitwa? Dume akipandwa na ukali mnamweka wapi? Na la mwisho: mtu wa kujitolea katika wiki yake ya kwanza anafanya nini? Wakijibu "utalisha kwa mkono na kuoga nao mtoni", waage kwa heshima. Waliojibu kwamba nitakata majani na sitakaribia tembo bila ruhusa, hao ndio niliowaendea.

Kuhusu mnyororo, nina neno langu ambalo wengine hawalipendi. Wazungu wengi niliokuwa nao walitaka kulia walipoona tembo amefungwa usiku. Mimi niliuliza kwanza kuna nini nyuma ya uzio, nikaambiwa ni mahindi ya wanakijiji. Nikamkumbuka mjomba, nikanyamaza. Uliza mnyororo una urefu gani, anafungwa saa ngapi, na asubuhi anafunguliwa aende wapi. Mnyororo mrefu wa usiku ni tofauti na tembo anayeyumbayumba mahali pamoja mchana kutwa, akitikisa kichwa kama anayesikia ngoma. Kule kuyumba ni akili iliyoumia, na ukikuona kwenye video zao, ujue hata mpiga picha hakujua anachotuonyesha.

Anayekulipa ndiye wa kuogopa

Hili lisome mara mbili. Kituo halali cha kujitolea hukutoza ada kwa wiki, maana chakula cha tembo na chako kinanunuliwa. Ukipata ujumbe wa "kazi ya kutunza wanyama Thailand", mshahara wa dola, tiketi wanalipa wao, kimbia. Vijana wa Afrika Mashariki wamepokelewa Bangkok kwa ahadi za namna hiyo, wakapelekwa kwa gari hadi mpakani Mae Sot na kuvushwa hadi Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mitandaoni wanakofungiwa na kupigwa. Ukiambiwa utapokelewa na dereva tu, bila anwani ya kituo unayoweza kuithibitisha kwa watu wengine waliowahi kwenda, usipande ndege. Acha nyumbani nakala ya pasi, jina la kituo na simu zake, na mkubaliane siku ya kupiga.

Kifua chako kabla ya begi lako

Watu hudhani hatari ni tembo kukukanyaga. Ni kweli, lakini nawe una hatari kwake. Kifua kikuu cha binadamu humwingia tembo, na cha tembo kinaweza kumrudia binadamu. Ni bakteria wale wale. Nchi yetu ina wagonjwa wengi wa kifua kikuu, na kama umewahi kufanya kazi migodini Chunya au unaishi na mtu anayekohoa, huna haki ya kujipima kwa macho. Nenda hospitali, toa makohozi, omba majibu kwa maandishi. Kituo makini kitakudai karatasi hiyo. Kisipodai, bado nenda nayo.

Tembo nao hupimwa, na niliona wanavyofanya. Wanamwaga maji ya chumvi yaliyosafishwa ndani ya mkonga, anauinua kidogo, kisha anapulizia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki. Yale makamasi ndiyo yanayopelekwa maabara, siku tatu tofauti. Tembo anafundishwa kuvumilia hivyo kwa ndizi, siyo kwa ndoano, na ukimwona anasubiri ndizi yake mkonga ukiwa juu utajua kwamba njia ya pili ya kumfundisha ipo.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, kwani Thailand huwadai kadi wasafiri wanaotoka Tanzania. Chanja angalau siku kumi kabla ya kufika, na kadi haiishi muda tena, ni ya maisha. Pepopunda hakikisha iko hai, maana utafanya kazi na panga na mavi. Ulizia pia kinga ya kichaa cha mbwa, kwa sababu vituo vingi vya tembo vimejaa mbwa waliookotwa.

Karatasi na fedha

Pasi ya kusafiria unaanzia mtandaoni, kisha Uhamiaji mkoani, ukiwa na kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mzazi. Mimi nililipa shilingi 150,000. Kilichonichelewesha ni cheti cha mama, ambacho hakikuwahi kuwepo. Anza na hicho.

Viza ya Thailand huombwa kwa mtandao. Usijichagulie aina yake, kwa sababu kujitolea kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi hata bila mshahara. Kiulize kituo kwa maandishi uombe viza gani, na wakupe barua ya mwaliko. Tangu Mei 2025 wanataka pia ujaze kadi ya kuingia ya kidijitali kabla ya kufika. Ukiona ukurasa unaokutoza pesa kwa kadi hiyo, umepotea njia, maana ya serikali ni bure.

Fedha: safari nzima, wiki nne, ilinigharimu karibu milioni saba, na hapo nilipunguziwa ada. Nauli ya ndege kutoka Dar na ada ya kituo ndizo zilizomeza karibu zote. Nilipunguziwa kwa sababu niliandika barua fupi nikieleza kwamba nimesomea afya ya mifugo, nakata kwato na kudunga sindano. Mwenye cheti cha mifugo asijiandikishe kama mtalii. Hata asiye na cheti ana la kusema: fundi wa kuchomea vyuma anahitajika kwenye vituo hivyo kuliko watu kumi wanaopenda wanyama.

Msimu na mizigo

Nenda kati ya Novemba na Januari. Februari hadi Aprili mashamba na misitu ya kaskazini huchomwa, na moshi wa Chiang Mai unashinda ule wetu wa kuchoma nyika mwezi wa tisa. Kisha huja mvua. Oktoba 2024 mafuriko yaliingia Elephant Nature Park, wakawatoa tembo usiku na mchana, na wawili wakafa maji.

Chukua buti za mpira, suruali mbili za kazi, kofia, na sweta lako la Mafinga. Nililiacha nikidhani naenda nchi ya joto, nikatetemeka kila alfajiri milimani kama mwanafunzi wa bweni. Manukato acha.

Kazi yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi tunapanda nyuma ya pikapu, mapanga mkononi, kwenda shambani. Nikashuka, nikatazama, nikacheka peke yangu. Mabingobingo! Yale yale tunayowakatia ng'ombe Njombe na Rungwe, majani ambayo asili yake ni Afrika, nimevuka bahari kuja kuyakata. Siku nyingine ilikuwa mabua ya mahindi. Katika kukata na kufunga mizigo nilikuwa mwalimu, Wajerumani wakinifuata nyuma, na sikuficha furaha yangu.

Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu vizuri. Kwa hiyo mnachobeba asubuhi, sehemu kubwa mnaibeba tena jioni. Mavi hayo yasome kabla hujayazoa. Vunja bonge kwa koleo. Nyuzi fupi zilizosagika, sawa. Nyuzi ndefu kama kamba za mkonge, mwite daktari, meno yamekwisha. Tembo hupata seti sita za magego maishani, moja ikisukuma nyingine kutoka nyuma kama vigae kwenye mkanda, na ya sita ikiisha, anaweza kufa njaa amesimama kwenye majani. Ndiyo maana vituo vyenye vikongwe vina jiko. Tulikuwa tunapika wali wa kunata, tunaponda na ndizi na ukwaju, tunafinyanga mabonge ya ukubwa wa chungwa. Matikiti na maboga yanayonunuliwa sokoni huoshwa moja moja, kwani yamepigwa dawa. Osha kweli. Tembo hula kwa gunia, na dawa nayo humwingia kwa gunia.

Sasa miguu. Kama unakwenda ukiwa na ujuzi wowote wa mifugo, hapa ndipo utakapofaa. Tembo anasimama kwa vidole, na kisigino chake ni mto wa mafuta unaobonyea kila anapokanyaga. Porini anatembea mchana kutwa, kucha zinajisaga zenyewe na damu inapita. Msimamishe miaka ishirini kwenye zege lenye mkojo, mnene na bila kutembea: kucha zinapasuka, wayo unatengeneza mianya, uchafu unaingia, usaha unajificha ndani hadi mfupani. Magonjwa ya miguu ni kati ya sababu kubwa za vifo vya tembo wanaofugwa. Aliyewahi kutibu kwato zilizooza za ng'ombe wa zizi la matope ameshaelewa nusu ya habari.

Kulikuwa na bibi mmoja wa magogo, jicho la kushoto halioni, mwenye jipu kando ya ukucha wa mbele. Hapakuwa na kamba. Palikuwa na ukuta wa mabomba ya chuma wenye tundu chini, yeye upande wake, sisi upande wetu. Mtunzaji wake akagonga fimbo yenye kitambaa mwishoni, bibi akainua mguu mwenyewe na kuuweka juu ya kigogo kwenye tundu. Ndizi. Tukaosha kwa maji ya uvuguvugu, tukauloweka kwenye beseni la chumvi ya magnesiamu dakika kumi hivi. Ndizi. Daktari akakwangua nyama iliyokufa kwa kisu cha kwato, kile kile ninachouza dukani kwangu, kisha akasawazisha ukucha kwa tupa. Mara mbili aliushusha mguu na hakuna aliyemlazimisha, tulisubiri. Kazi ya nusu saa ilichukua saa mbili. Mara tatu nilizokwambia nilimgusa tembo, ni hapo, nikiosha ule mguu. Ngozi ya wayo inashikika kama gurudumu la lori lililoanikwa juani, lakini palipo na jipu palikuwa na joto jembamba ambalo mkono wa mtu wa mifugo unalitambua bila kuambiwa.

Kuna wenye taabu zaidi. Motala, jike aliyekanyaga bomu la ardhini karibu na mpaka wa Myanmar mwaka 1999, alitibiwa katika hospitali ya tembo iliyoko Lampang, na mwaka 2009 akawekewa mguu wa bandia. Vituo vya kaskazini vina tembo kadhaa wa habari kama hiyo, kwa hiyo jiandae moyo.

Usikanyagwe

Usimfuate tembo kwa nyuma. Usisimame kati ya tembo wawili, wala kati ya mama na mtoto, wala kati ya tembo na maji. Ongea kwa sauti ya chini ajue ulipo, hasa kwa wale vipofu. Masikio yakitulia ghafla na mkonga ukakakamaa, anakusikiliza. Ondoka polepole, usipige mbio. Simu iwe mfukoni.

Dume ni somo lake. Kuna kipindi homoni humpanda, kati ya jicho na sikio hutiririka kitu kama lami, mkojo unadondoka bila kukoma. Huko wanakiita masti, neno la Kiajemi lenye maana ya ulevi, na kweli ni mlevi asiyekujua hata aliyemlea. Akiwa hivyo huna kazi upande wake wa kituo. Usijaribu kuonyesha kwamba unatoka nchi ya tembo.

Watunzaji wenyewe

Mtunza tembo wa Asia huitwa mahauti. Kaskazini mwa Thailand wengi wao ni Wakaren, wengine wamevuka kutoka Myanmar, na malipo yao ni madogo kuliko hatari wanayoibeba. Niliona wageni wakiwapita kama vigogo, wakamkumbatia daktari Mzungu. Wewe usifanye hivyo. Wasalimie kwanza kila asubuhi, viganja vikiwa vimekutana kifuani, aliye mkubwa kwa umri umwinamie zaidi. Kwetu tusiopita mtu bila "kamwene" wala si shida. Mzee mmoja nilikuwa nikimsalimia hivyo kwa Kihehe, naye akinijibu kwa lugha yake, na tulielewana. Ni yeye aliyenionyesha kwamba yule bibi hapendi ndoo nyekundu.

Ukimwona mahauti ana ndoano kiunoni, usimhukumu hapo hapo. Tazama anaitumia wapi na mara ngapi. Kama ngozi ya nyuma ya masikio ina makovu mabichi, andika, mwambie msimamizi, na asipokusikia, ondoka. Ada yako imeshapotea, si hoja.

Kurudi nyumbani

Usinunue bangili ya nywele za mkia wa tembo, wala kipande cha pembe hata kiwe kidogo kama kidonge. Wauzaji watakwambia ni halali. Ukishuka Dar nacho, kinaitwa nyara, na kesi yake haina utani. Anayeona sheria hiyo ni kali akumbuke kwamba hesabu ya 2009 ilikuta nchini tembo wapatao 109,000, na ya 2014 ikakuta kama 43,000.

Ujuzi una pa kwenda. Iringa kuna shirika la STEP linalofanya kazi na vijiji vinavyopakana na tembo, na uzio wa mizinga ya nyuki wa kuwazuia tembo wasiingie mashambani ni moja ya njia zao. Mimi nimemwekea mjomba mizinga sita upande wa barabara. Bado analalamika, ila sasa analalamikia nyuki.

Na buti. Tembo hupata ugonjwa wa miguu na midomo kama ng'ombe, na Asia ugonjwa huo upo. Buti ulizokanyagia mavi huko usiingie nazo kwenye zizi la Mafinga. Nilizisugua, nikaziloweka dawa, kisha nikamwachia yule mzee Mkaren, zilimtosha. Nguo za kazi zifue kwa maji ya moto kabla ya kufunga begi, na ukifika nyumbani kaa siku tano ndipo uende kuwaona ng'ombe.